Jahazi la Wafu na Deni la Walio Hai

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkusanyiko wa wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Kwa kuwa wengi hawakuweza kufika, nayaweka hapa yote, bila zile picha za ukutani.

Mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa hadithi za anga,

Nataka nianze na kifo cha askari mmoja. Mwaka 1988, katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek: The Next Generation, watazamaji walimwona Mklingoni, mmoja wa jamii ya wapiganaji wa sayari nyingine, akikata roho ndani ya zahanati ya chombo cha angani. Wenzake hawakumlilia. Walimfumbua macho, wakamtazama ndani ya mboni mpaka uhai ukatoka, kisha wakainua nyuso juu na kunguruma kwa sauti moja. Ngurumo ile ilikuwa onyo, na onyo lenyewe halikuelekezwa kwa adui yeyote aliye hai. Walikuwa wakiwaambia wafu: kaeni chonjo, shujaa wa Kiklingoni yuko njiani. Na maiti je? Lilipokuja suala la kuihifadhi, jibu likawa kwamba hilo sasa ni ganda tupu.

Tafakarini jambo hilo. Mwili wa marehemu hauwahusu tena, lakini wanapaza sauti hadi kuta zitetemeke ili huko aendako apokewe anavyostahili. Basi nauliza: yule asiyestahili ngurumo anapokewa na nani? Anapelekwa wapi? Na nani aliyeamua kwamba hastahili?

Mnajua kwamba Star Trek ilianza kurushwa nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na Waklingoni wakaingia mwaka uliofuata. Wakati ule walikuwa maadui tu, watu wa vita na hila, na hakuna aliyejishughulisha kuuliza wanaamini nini kuhusu kifo. Mambo yalibadilika baadaye, hasa katika miaka ya 1990, na mwandishi anayestahili shukrani kubwa kwa hilo ni Ronald D. Moore. Kidogo kidogo Waklingoni wakapata ahera mbili. Ya kwanza ni Sto-vo-kor, ukumbi wa mashujaa waliokufa kwa heshima. Ya pili ni Gre'thor, kuzimu ya waliofedheheka, ambayo mlinzi wake ni dubwana liitwalo Fek'lhr.

Leo nitawaacha mashujaa wa Sto-vo-kor na karamu zao. Nimekuja kuzungumza juu ya Gre'thor. Na ninalotaka kulisema ni hili: katika ulimwengu wote wa Star Trek, wenye mashine za kuponya karibu kila ugonjwa na kompyuta za kujibu karibu kila swali, Gre'thor ni mahali ambapo walio hai bado wana kazi ya kuwafanyia wafu wao. Ni kuzimu ya madeni. Anayezama humo hazami peke yake, na mara nyingi ufunguo wake hauko mkononi mwake.

Tuanze na namna ya kufika huko.

Kwenda Gre'thor ni safari ya majini. Tulionyeshwa jambo hilo mwaka 1999, katika kipindi cha Star Trek: Voyager kiitwacho "Barge of the Dead", ambacho wazo lake ni la Moore na Bryan Fuller. Mimi hukiita Jahazi la Wafu. Wafu wanajikuta sitahani, wanapigwa chapa ya moto, na jahazi linakata maji meusi usiku usio na mwisho. Majini mna viumbe viitwavyo Kos'karii. Hawa wanaita kwa sauti za wale uliowapenda. Unamsikia mtu wako akilia, akikusihi, akisema yuko pale chini anakungoja. Ukijirusha kumfuata, umekwisha.

Mtasema haya tumeyasikia kabla. Ni kweli. Wayunani walikuwa na Kharoni, mvushaji wa wafu, na mashua yake, na walikuwa na Sirena, viumbe vya baharini vinavyovuta watu kwa wimbo, ambavyo shujaa wao Odiseo aliwaziba mabaharia wake masikio kwa nta wasivisikie. Wamisri walikuwa na mashua ya Ra, mungu wa jua, inayopita chini ya dunia saa kumi na mbili za usiku. Waandishi wa Star Trek waliyajua hayo, na waliazima bila kuficha. Mimi sioni kosa lolote katika kuazima. Swali ni moja tu: ulichokiazima umekifanyia nini?

Tazameni walichomfanyia nahodha.

Kharoni ni mtumishi. Ana kazi yake, anadai sarafu yake, na hana kesi na mtu. Nahodha wa Jahazi la Wafu anaitwa Kortar, naye ni mfungwa. Inasimuliwa kwamba Kortar ndiye Mklingoni wa kwanza kabisa, na kwamba aliwaua miungu waliomuumba. Adhabu yake ndiyo hiyo: awavushe waliofedheheka kwenda Gre'thor, milele, bila yeye mwenyewe kushuka ufukweni.

Sasa hapa nawaomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo waandishi walipofanya jambo ambalo bado linanistaajabisha. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1997, Star Trek: Deep Space Nine ilitupa harusi ya Kiklingoni. Bila shaka wengi wenu mnaikumbuka. Katika harusi ile inasimuliwa hekaya ya asili yao: miungu walifua moyo wa kwanza wa Kiklingoni kwa moto na chuma, moyo ule ukadhoofika kwa upweke, wakaufulia mwenzake. Mioyo miwili ikadunda pamoja kwa nguvu hata miungu wenyewe wakaogopa, wakakimbia. Hawakufika mbali. Mioyo ile ikawaangamiza walioiumba na kuziteketeza mbingu zikawa majivu. Hekaya hiyo inasomwa kwa furaha! Ngoma zinapigwa, maharusi wanasimama vifua mbele kwa fahari, wageni wanashangilia.

Je, mnaona? Tendo lile lile, kuua miungu, harusini ni utukufu na jahazini ni dhambi ya kwanza. Watu wale wale wanalishangilia wakiwa wamevaa mavazi ya sherehe, na wanalilipia wakiwa wamefungwa gizani. Hakuna mahali popote ambapo Star Trek inajaribu kuzipatanisha hekaya hizi mbili, nami nashukuru kwamba haikujaribu. Ngano za kweli za mataifa ya kale ndivyo zilivyo. Taifa linaweza kujivunia jambo mchana na kulitetemekea usiku.

Na kuna matokeo makubwa zaidi. Kama miungu wamekufa, nani anahukumu? Worf, yule Mklingoni anayehudumu pamoja na wanadamu, alilisema waziwazi mwaka 1996, kwamba miungu wao waliuawa na mashujaa wa kale kwa sababu walikuwa na usumbufu kuliko faida. Basi hakimu yuko wapi? Wamisri walikuwa na Osiri, na mizani ambayo moyo wa marehemu uliwekwa upande mmoja na unyoya wa Maat upande wa pili. Moyo ukizidi uzito, Ammit mwenye kichwa cha mamba anaumeza. Wayunani waliweka waamuzi watatu: Minosi, Radamanthi na Eako. Huko kote kuna baraza, kuna shauri, kuna mtu wa kumwambia, "Nisikilize kwanza." Gre'thor haina baraza. Fek'lhr ni mlinzi tu, na Kortar ni mvushaji. Hakuna anayekuuliza lolote. Unafika ukiwa umekwisha kuhukumiwa.

Umehukumiwa na nani, basi? Na jina lako. Na lile ambalo walio hai wanalisema wanapolitaja jina lako.

Nisimame hapo, maana kila nitakalosema kuanzia sasa limejengwa juu yake.

Kama hukumu ya marehemu iko katika jina, na jina liko midomoni mwa walio hai, basi marehemu yuko mikononi mwetu. Hilo ni jambo la kutisha. Nalo ndilo lililoyatawala maisha ya Worf kwa miaka mingi ya televisheni.

Mwaka 1990, Worf alielezwa kwamba marehemu baba yake, Mogh, ametajwa kuwa msaliti. Kwamba ndiye aliyewafungulia Waromula, maadui wa Waklingoni, mlango wa mauaji ya Khitomer, mahali ambapo Mogh mwenyewe aliuawa. Ni uongo. Msaliti wa kweli alikuwa mtu mwingine, baba wa mtu mzito barazani. Lakini ukweli ukitoka, dola itapasuka katikati. Kwa hiyo Worf, ambaye ushahidi anao, anakubali kunyamaza. Baraza zima linakunja mikono vifuani na kumgeuzia mgongo, mmoja baada ya mwingine. Ule usemi wa mtoto wa nyoka ni nyoka, pale umekuwa sheria ya nchi.

Kila mtu huona kile Worf alichopoteza: cheo, jina, nafasi yake miongoni mwa watu wake. Ni wachache wanaouliza kuhusu Mogh. Kwa imani yao, mzee yule naye alikuwa hatarini. Alikufa akiwa safi, na miaka mingi baadaye jina lake linachafuliwa na watu ambao hawezi kuwajibu. Je, aliyekwisha kuingia ukumbi wa mashujaa anaweza kutolewa? Vipindi havisemi. Mimi naamini kwamba ule ukimya ndio uliokuwa ukimla Worf usiku kucha, hadi jina la ukoo liliporudishwa mwaka 1991.

Kisha ikaja zamu ya ndugu yake. Nataka nikae kidogo na hadithi hii, maana nadhani haijapewa haki yake.

Ni mwaka 1996. Worf amekataa kuunga mkono vita ambavyo kiongozi wa Waklingoni ameviingia, na kwa kukataa kwake ukoo wa Mogh umenyang'anywa kila kitu: ardhi, jina, kiti barazani. Mdogo wake, Kurn, anafika katika kituo cha angani anakohudumu Worf akiwa mlevi, amevunjika, hana chochote. Ana ombi moja. Anamtaka kaka yake amuue kwa ibada iitwayo Mauk-to'Vor. Katika ibada hiyo, aliyefedheheka anachomwa kisu na ndugu wa damu, na kwa njia hiyo heshima yake inarudi na njia ya Sto-vo-kor inafunguka.

Sikieni uzito wa ombi hilo. Kurn hasemi, "Nimechoka kuishi." Anasema, kwa maana yake: wewe ndiye uliyenitumbukiza, wewe nitoe. Dawa ya deni ni kulipa. Na Worf anakubali. Anawasha ubani, anasema maneno yanayotakiwa, anamchoma ndugu yake kifuani. Marafiki zake wanafika kwa haraka, wanamkimbiza Kurn kwa waganga, na teknolojia inafanya kazi yake: Kurn anapona.

Waganga walimwokoa kutoka kwenye nini? Moyo wake unadunda, jeraha limefungwa, na yeye yuko pale pale alipokuwa, mtu aliyeachwa nje ya milango yote miwili. Ni kipindi cha nadra ambacho uponyaji wenyewe unaonekana kama msiba. Mwishowe wanamfuta kumbukumbu zote, wanambadilishia sura na jina, wanampeleka kulelewa na ukoo mwingine. Anapoamka anamwona Worf amesimama pale, anamuuliza kama naye ni wa familia yake. Worf anajibu kwamba hana familia.

Ndugu zangu, hiyo ni Gre'thor bila jahazi. Kurn yu hai, lakini ndugu yake amemzika.

Linganisheni na ngano ya watu wa Kaskazini ya Ulaya, maana Waklingoni wana deni kubwa kwa ngano hizo. Kama alivyoandika Snorri Sturluson wa Aisilandi katika karne ya 13, waliouawa vitani walikwenda kwa Odini, mungu wao mkuu, na waliokufa kwa maradhi au uzee walikwenda kwa Hel, malkia wa kuzimu. Sasa Baldr, mwana wa Odini, aliyependwa na wote, akauawa nyumbani, wala haikuwa vitani. Akaenda kwa Hel. Ndugu yake Hermod akapanda farasi wa baba yao, akasafiri usiku tisa gizani kwenda kumwomba Hel amwachie. Hel akatoa sharti: viumbe vyote duniani vimlilie Baldr, vilivyo hai na vilivyokufa, bila kimoja kukosa. Wakaenda wajumbe kila pembe. Watu wakalia, wanyama wakalia, mawe yakalia, vyuma vikalia. Jitu moja la kike, liitwalo Thökk, likakataa. Basi. Baldr akabaki.

Mnaona uzi wenyewe? Baldr hana kosa. Hakuna jambo lolote ambalo yeye mwenyewe angeweza kulifanya huko aliko. Wokovu wake uliwekwa machoni mwa walio hai, na jicho moja kavu likamfungia mlango. Kwa Wayunani pia, Odiseo alipofika kwenye kingo za wafu, mtu wa kwanza kumjia alikuwa Elpenori, baharia wake aliyeanguka kutoka paani na kuachwa bila kuzikwa. Aliomba azikwe, na kasia lake lichomekwe juu ya kaburi. Wafu wa ngano hizi wanadai. Wanadai, na sisi ndio wadaiwa.

Ndiyo maana naheshimu kile walichokifanya marafiki wa Worf mwaka 1998. Mkewe, Jadzia Dax, aliuawa hekaluni. Hakufa vitani. Kwa hesabu ya Waklingoni, mlango wa Sto-vo-kor ulikuwa mashakani. Tiba yake ni vita kubwa inayopiganwa kwa jina lake, na Worf akaingia katika chombo cha Martok, jenerali wa Kiklingoni, kwenda kuangamiza kiwanda cha meli za adui. Walioongozana naye ni akina nani? Bashir, tabibu wa kibinadamu, O'Brien, fundi, na Quark, Mferengi ambaye imani ya watu wake inahesabu faida za biashara kufikia peponi. Hakuna kati yao aliyeamini Sto-vo-kor. Walikwenda vitani kwa ajili ya ahera ambayo hawakuiamini, kwa sababu aliyeiamini alikuwa rafiki yao na aliyekufa alikuwa kipenzi chao. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko mahubiri mengi ya uvumilivu niliyowahi kuyasikia.

Sasa twende kwa mama na binti. Hapa ndipo moyo wa hotuba yangu ulipo.

B'Elanna Torres, mhandisi mkuu wa chombo cha Voyager, ni mtoto wa baba mwanadamu na mama Mklingoni. Baba aliondoka yeye akiwa mdogo. Mama yake, Miral, akataka kumlea Kiklingoni, na binti akakataa kila kitu: ibada, hekaya, hata sura aliyoiona kwenye kioo. Waliachana kwa ugomvi, na kwa miaka mingi hawakusemezana. Kisha Voyager ikatupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ambayo ingewachukua kiasi cha miaka 75 kurudi. Hata kama binti angetaka kuomba radhi, mama yuko upande wa pili wa nyota.

Katika Jahazi la Wafu, B'Elanna anapata ajali na kuzimia, na roho yake, au akili yake, inajikuta sitahani kwa Kortar. Anaogopa, lakini anastahimili. Mpaka analetwa mfungwa mpya, na anapouona uso wake: ni Miral.

Mama yake amefanya nini? Hajafanya lolote. Yuko pale kwa sababu ya binti. Mwana aliyeikana heshima ya ukoo amemvuta mzazi wake hadi jahazini.

Kusema kweli, mara ya kwanza nilipokiona kipindi hiki nilikasirika. Nikajiuliza, ni haki gani hii? Mizani ya Osiri ingemwachia Miral apite bila shida. Lakini kadiri nilivyoendelea kulifikiri jambo hili, ndivyo nilivyoona kwamba waandishi wamegusa kitu cha kale kuliko haki. Katika kitabu cha 11 cha safari za Odiseo, utenzi wa Homeri, miongoni mwa vivuli vya wafu anamkuta mama yake, Antiklea, ambaye alimwacha akiwa hai. Anamuuliza: ni ugonjwa gani uliokuua? Mama anajibu kwamba hakuna ugonjwa. Ni kukukosa wewe, mwanangu. Ni hamu yako iliyoninyang'anya uhai. Odiseo ananyosha mikono amkumbatie mara tatu, na mara tatu mama anaponyoka kama ndoto.

Homeri hakumhukumu Odiseo. B'Elanna vilevile hahukumiwi na mtu mle jahazini. Lakini wote wawili wanakuta kwamba kutokuwepo kwao kulikuwa na uzito, na uzito huo ulimwangukia mama.

B'Elanna anazinduka zahanati. Wenzake wana maelezo tayari: ubongo ulikosa hewa, fahamu zimechanganya kumbukumbu za utotoni na hofu ya kufa. Maelezo mazuri. Anachofanya ni kwenda kwenye maandiko ya kale ya watu wake, yanayosimulia jinsi Kahless, shujaa wao mkuu, alivyorudi kutoka kwa wafu, kisha anamwendea Kapteni Janeway na kuomba jambo la ajabu: nirudisheni kwenye mlango wa kifo, kwa makusudi, nikamtoe mama.

Janeway anakataa. Nani asingekataa? Baadaye anakubali, na sababu ya kukubali kwake haihusiani na kuamini. Anaona tu kwamba mtu huyu amejigundua ndani yake kitu ambacho hakuna aliye na haki ya kumzuia asikifuate. Daktari anamrudisha chini, na B'Elanna anamwambia Kortar: mwachie mama, nichukue mimi.

Kuchukua nafasi ya mfu ni sheria ya zamani sana ya kuzimu. Wasumeri waliiandika zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita: Inana, mungu wao wa kike, aliposhuka kuzimu kwa dada yake na kutaka kutoka, aliambiwa hakuna anayetoka bila mbadala, na aliyetolewa alikuwa mumewe, Dumuzi, kwa lazima. Dada yake Dumuzi, Geshtinana, akajitolea kushika nusu ya mwaka. Hata miungu walilipa mtu kwa mtu. B'Elanna analipa vivyo hivyo, kwa hiari, na Miral hafurahii haraka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama gani angefurahi kununuliwa kwa bei hiyo?

Na sasa milango ya Gre'thor inafunguliwa kwa ajili ya binti. Mnakumbuka ndani kuna nini? Hakuna moto. Hakuna Fek'lhr. Kuna ujia wa chombo cha Voyager, taa zake zile zile, mazulia yale yale, na wenzake wa kila siku wamesimama wakimtazama. Kuzimu yake ni mahali anapoishi. Miaka yote aliyoikimbia nafsi yake aliikimbilia mle, na mle ndimo alimofungwa.

Hapo waandishi walifika kilele, na nafikiri baada ya hapo waliteleza kidogo. Wenzake wanamzonga, wanamsuta, anapigana nao, mwishowe anaitupa silaha yake na kuambiwa achague kuishi. Ushauri huo ungeweza kuwa bora kama ungetamkwa kidogo na kuonyeshwa zaidi. Ujia ule wenyewe ulikuwa umeshasema yote.

Mtu ataniuliza, na najua mtauliza: je, ilitokea kweli au aliota? Watazamaji wamebishana hapo kwa miaka. Kipindi hakijibu. Miral anapoachwa aende, anamwambia binti kwamba wataonana tena, pengine Sto-vo-kor, pengine siku atakayofika nyumbani. Maana yake huenda mama hajafa kabisa! Kila njia imeachwa wazi, na mimi nasimama upande wa wale walioiacha wazi. Gene Roddenberry, aliyeiasisi Star Trek, alitaka binadamu wa siku zijazo wawe wameachana na ushirikina, na msimamo huo uliipa hadithi nuru yake. Lakini waandishi waliokuja baadaye waligundua kwamba kuna maswali ambayo binadamu waliokwisha kusuluhisha kila jambo hawawezi tena kuyauliza kwa kinywa chao. Wakawapa Waklingoni wayaulize. Lau Daktari angeonyesha kwenye kioo chake kwamba Gre'thor ipo, ingekuwa sayari nyingine tu ya kutembelewa. Lau angethibitisha kwamba haipo, deni la B'Elanna lingekuwa ugonjwa wa kutibiwa. Ilivyoachwa, deni limebaki kuwa deni, na amelilipa.

Nimebakiza ombi dogo kwa wale ambao hawajaviona vipindi hivi. Anzeni na "Sins of the Father" cha 1990, kisha "Sons of Mogh" cha 1996. Kurn atawaandaa kuliko maelezo yangu yoyote. "Barge of the Dead" kiwe cha mwisho. Na ile harusi ya 1997, "You Are Cordially Invited", itazameni kabla yake, wala msiiweke baada, ili mkutane na Kortar mkiwa bado mnaishangilia mioyo ile miwili iliyowaua miungu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali yenu.